ASKARI WA MWILI WANAPOKOSEA ADUI
Ugonjwa wa kupooza unaofuata baada ya mafua au kuhara



Mwezi huu tungependa kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa ambao hauonekani kila siku, lakini ukiingia katika nyumba moja huitikisa nyumba nzima. Ni ugonjwa unaomkuta mtu mwenye afya, aliyelima juzi na kubeba maji jana, kisha leo miguu inamkatalia. Kwa kuwa unakuja ghafla, na kwa kuwa unapooza mwili bila jeraha lolote, watu wengi huku kwetu husema mgonjwa amerogwa. Ndipo siku zinapopotea, na katika ugonjwa huu siku ni uhai.

Tuanze na wagonjwa wawili ambao hatuwezi kuwasahau.

Wa kwanza alikuwa kijana wa miaka 28, fundi baiskeli. Aliugua mafua makali na kikohozi, akapona, akarudi kazini kwake. Baada ya siku kama kumi vidole vya miguu vilianza kufa ganzi, na alisikia kama anachomwa na sindano. Kesho yake alishindwa kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Alikwenda zahanati, akapewa dawa ya malaria na vidonge vya maumivu, akarudishwa nyumbani. Siku ya nne hakuweza kusimama. Ndugu walikaa kikao, wakakubaliana kwamba amekanyaga kitu alichotegewa na watu wanaomwonea wivu. Alipelekwa kwa mganga, akachanjwa chale miguuni na mgongoni, akakaa huko siku tano. Alipoletwa kwetu alikuwa anaongea kwa sauti ndogo sana, na hata uji ulimpalia. Alifariki usiku ule ule. Hakufa kwa ajili ya miguu. Alikufa kwa sababu misuli ya kupumulia ilikuwa imechoka.

Wa pili alikuwa msichana wa kidato cha pili. Yeye aliharisha kwa siku nne, akapona, na wiki mbili baadaye akaanza kujikwaa njiani. Mama yake hakungoja. Alimleta siku ya pili. Tulimlaza, tukawa tunamwangalia kupumua kwake mchana na usiku, na ilipoonekana hali inapanda tulimpeleka hospitali ya rufaa yenye mashine ya kupumulia. Alipooza mikono na miguu kabisa. Lakini baada ya miezi mitano alirudi kutusalimu akitembea kwa fimbo, na sasa ameiacha hata hiyo fimbo.

Wote wawili walikuwa na ugonjwa mmoja. Madaktari wanauita ugonjwa wa Guillain-Barré (husomwa Giyan-Bare). Hawakurogwa. Miili yao ilikuwa imepigwa na askari wake yenyewe.

JESHI LILILO NDANI YETU

Kila mmoja wetu ana jeshi ndani ya mwili. Jeshi hilo ni kinga ya mwili. Askari wake ni chembechembe nyeupe za damu, nao huzunguka usiku na mchana wakikagua kila kitu wanachokutana nacho. Kila chembe hai ya mwili wetu ina alama zake juu ya ngozi yake, kama vile mwanakijiji anavyojulikana kwa sura. Askari wakikutana na alama ya nyumbani hupita. Wakikutana na alama ya mgeni, yaani virusi au bakteria, hupiga mbiu.

Mbiu ikishapigwa, askari wengine hutengeneza silaha ndogo ndogo ziitwazo kingamwili. Kila kingamwili hutengenezwa ili ishike alama moja tu ya adui, kama ufunguo unavyotengenezwa kwa kufuli moja. Kazi ya kutengeneza silaha hizi huchukua siku kadhaa hadi wiki mbili. Ndiyo maana mtu akipata mafua huumwa kwanza, kisha hupona polepole jeshi linapopata nguvu.

Jeshi hili pia hufundishwa tangu tukiwa tumboni mwa mama lisiwapige wenyeji. Askari wengi wanaoonekana kuuchukia mwili wenyewe huondolewa mapema kabla hawajatoka kambini. Wachache wanaobaki hulindwa na wenzao wasifanye fujo. Kwa kawaida mpango huu unafanya kazi vizuri mno, na ni ajabu kubwa ya uumbaji kwamba haukosei mara nyingi zaidi.

KWA NINI ASKARI HUKOSEA?

Baada ya maambukizo, hasa ya virusi, mpango huu unaweza kuvurugika. Zipo njia tatu ambazo wataalamu huzieleza.

Njia ya kwanza ni kufanana kwa sura. Baadhi ya vijidudu vina alama zinazofanana sana na alama za mwili wetu. Jeshi linatengeneza kingamwili za kumkamata mdudu, na kweli zinamkamata. Lakini vita vikiisha, silaha zile zile zinakutana na sehemu ya mwili yenye sura kama ya yule mdudu, nazo zinaishambulia. Ni kama kijiji kinachomsaka mwizi aliyevaa koti jekundu: mwizi amekwisha kukimbia, lakini mwalimu anapita na koti jekundu, naye anapigwa.

Hili lilionyeshwa wazi kwa mdudu aitwaye Kampilobakta, ambaye ni bakteria, si virusi. Huyu huleta kuhara, na mara nyingi hupatikana katika nyama ya kuku isiyoiva vizuri, maziwa yasiyochemshwa na maji machafu. Juu ya ganda lake kuna sukari inayofanana na ile iliyopo juu ya mishipa yetu ya fahamu. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walieleza jinsi walivyowachoma sungura sehemu ya ganda la mdudu huyo. Sungura walitengeneza kingamwili, na baadaye miguu yao ikalegea.

Kwa upande wa virusi, kuna jambo la kuongeza. Virusi haviwezi kuzaana peke yao. Ni lazima viingie ndani ya chembe hai ya mwili wetu, na vingi vikitoka hutoka vimejivika kipande cha ngozi ya chembe ile. Ni kama mwizi aliyetoka ndani na shuka la mwenye nyumba. Hufikiriwa kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya askari kuchanganyikiwa.

Njia ya pili ni kufichua yaliyofichwa. Virusi vikivunja chembe za mwili, vitu vilivyokuwa ndani humwagika nje. Askari ambao hawajawahi kuviona huvidhania kuwa ni vigeni.

Njia ya tatu ni kelele za vita. Mapigano yakiwa makali, mwili humwaga kemikali nyingi za kuamsha askari. Hapo hata wale wachache waliokuwa wamelala, ambao wana uadui na mwili wenyewe, wanaweza kuamka.

Si kila mtu anayepata mafua au kuhara atapatwa na haya. La hasha! Walio wengi kabisa hupona bila tatizo. Ugonjwa wa Guillain-Barré humpata mtu mmoja au wawili tu katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Lakini mkoa una watu wengi, na mwaka una siku nyingi. Basi hospitali yoyote itampokea mgonjwa wa namna hii siku moja.

UGONJWA HUU ULIJULIKANAJE?

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, madaktari watatu wa Ufaransa, Georges Guillain, Jean Alexandre Barré na André Strohl, waliandika habari za askari wawili waliopooza kisha wakapona. Waliyapima maji ya uti wa mgongo wa askari hao. Wakaona kwamba protini imezidi lakini chembechembe nyeupe hazikuongezeka, tofauti na ilivyo katika ugonjwa wa homa ya uti wa mgongo. Hadi leo kipimo hicho kinatusaidia.

Wagonjwa wengi, kama wawili katika kila watatu, husema kwamba waliugua mafua, kikohozi au kuhara katika wiki chache zilizotangulia. Miongoni mwa virusi vinavyojulikana kutangulia ugonjwa huu ni vya mafua makali ya influenza, Epstein-Barr, sitomegalo, homa ya ini aina ya E, na Uviko-19. Hata VVU vinaweza kuutangulia. Kwa hiyo mgonjwa akiombwa apimwe VVU asione kwamba anadharauliwa. Ni sehemu ya kutafuta chanzo.

Mfano ulioifundisha dunia nzima ulianzia kwa jirani zetu. Mwaka 1947, katika msitu wa Zika karibu na Entebbe nchini Uganda, watafiti wa homa ya manjano walipata kirusi kipya katika damu ya nyani aliyewekwa pale kwa uchunguzi. Wakakipa jina la msitu ule. Kwa miaka mingi Zika ilihesabiwa kuwa ni homa ndogo inayoenezwa na mbu, na haikuogopwa na mtu.

Kisha mwaka 2013 Zika ilizuka katika visiwa vya Polinesia ya Ufaransa, mbali sana katika bahari ya Pasifiki. Kati ya Oktoba 2013 na Aprili 2014 hospitali ya huko ilipokea wagonjwa 42 wa Guillain-Barré, idadi ambayo visiwa hivyo havikuwahi kuiona. Walipopimwa damu, 41 kati yao walikuwa na kingamwili za Zika. Wagonjwa 12 walihitaji kusaidiwa kupumua. Hata hivyo hakufa hata mmoja, kwa sababu walifika hospitali yenye vifaa. Hesabu ilionyesha kwamba katika kila watu 100,000 walioambukizwa Zika, kama 24 walipatwa na kupooza huku. Zika ilipoenea Brazil na nchi jirani, Shirika la Afya Duniani lilitangaza hali ya hatari tarehe 1 Februari 2016, kwa ajili ya watoto waliozaliwa na vichwa vidogo na pia kwa ajili ya magonjwa haya ya mishipa ya fahamu.

NI NINI HASA KINACHOHARIBIKA?

Mishipa ya fahamu ni kama nyaya za umeme. Inapeleka amri kutoka ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli, na kurudisha habari za maumivu, joto na mguso. Waya wa umeme umefunikwa kwa mpira. Mshipa wa fahamu nao umefunikwa kwa ganda la mafuta. Katika ugonjwa huu askari wetu hulichubua ganda hilo, na kwa wagonjwa wengine huuma hata waya wenyewe. Amri inatoka kwenye ubongo, lakini haifiki mguuni.

Hapa ni vizuri kutofautisha na polio, maana vyote viwili hupooza. Katika polio kirusi chenyewe huingia katika uti wa mgongo na kuua chembe zinazoongoza misuli. Chembe hizo zikifa hazirudi, na mara nyingi mguu mmoja hubaki umenyauka. Katika Guillain-Barré kirusi kimekwisha kuondoka. Anayeharibu ni askari wetu, naye siku moja hutulia. Ganda la mshipa lina uwezo wa kuota tena, polepole. Ndiyo sababu wagonjwa wetu wengi hurudi kutembea.

DALILI ZAKE

Familia zizifahamu dalili hizi:

(a) Ganzi au mchomo kama wa sindano, kwa kawaida katika vidole vya miguu au vya mikono.

(b) Udhaifu unaoanza miguuni na kupanda juu: miguu, mapaja, mikono, kisha uso. Mara nyingi pande zote mbili huwa sawa. Mgonjwa hushindwa kupanda ngazi, kuinuka alipochuchumaa, au kufunga vifungo vya shati.

(c) Maumivu makali ya mgongo na miguu. Asiambiwe kwamba anadeka.

(d) Kwa kawaida hakuna homa wakati kupooza kunaanza, na akili yake ni timamu kabisa.

(e) Udhaifu huongezeka kwa siku kadhaa, na hufikia kilele ndani ya wiki mbili hadi nne.

Dalili za hatari kubwa ni hizi: kupaliwa na mate au chakula, sauti kuwa ndogo, uso kulegea, kukosa nguvu ya kukohoa, kushindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto, na kupumua harakaharaka. Mgonjwa mwenye dalili hizi asingoje asubuhi.

Sisi wauguzi tuna njia rahisi ya kumpima wakati tunasubiri gari. Tunamwambia avute pumzi, kisha ahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, bila kuvuta pumzi nyingine. Kama asubuhi alifika 40 na jioni amefika 20, tunajua kifua kinachoka, hata kama yeye mwenyewe anasema hajambo.

HOSPITALINI HUFANYIKA NINI?

Daktari atamgonga magotini kwa nyundo ndogo ya mpira. Katika ugonjwa huu mguu huwa haurushwi tena. Huenda akataka kutoa maji kidogo ya uti wa mgongo. Wengi hukataa kipimo hiki, wakidai kwamba ndicho kinachopooza watu. Si kweli. Sindano huingizwa chini kabisa ya kiuno, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kukoma.

Zipo tiba mbili zinazotuliza askari. Moja ni kumpa mgonjwa kwenye mshipa kingamwili zilizochujwa kutoka katika damu ya watu wengi waliojitolea, kwa kawaida siku tano mfululizo. Nyingine ni kuisafisha damu kwa mashine, ambayo huondoa majimaji yenye silaha mbaya na kuweka mengine. Zote mbili husaidia zaidi zikianza mapema, ikiwezekana ndani ya wiki mbili za kwanza. Ni tiba za gharama kubwa na hazipatikani katika hospitali nyingi za wilaya. Tunasema ukweli huu bila kuficha. Lakini hata pale zisipokuwepo, mgonjwa anayesaidiwa kupumua, kulishwa vizuri na kugeuzwa kitandani anaweza kupona, maana ugonjwa wenyewe hufika mwisho. Kazi yetu ni kumvusha.

Tunawaonya wale wanaonunua prednisoloni dukani kwa kusikia kwamba hutuliza kinga. Katika ugonjwa huu vidonge hivyo havikuonekana kusaidia, na vinaweza kumchelewesha mgonjwa kupona.

Mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla mguu au mkono ni lazima atolewe taarifa mara moja. Choo chake huchukuliwa mara mbili, kwa kupishana saa 24 hadi 48, ili kuhakikisha kwamba si polio. Msishangae mkiombwa choo wakati mtoto anaumwa miguu. Afrika ilitangazwa kuwa imeondokana na kirusi cha asili cha polio Agosti 2020, lakini mwezi Februari 2022 mtoto mmoja nchini Malawi aligundulika kuwa nacho. Kwa hiyo macho yasifungwe.

WAJIBU WA FAMILIA

Uuguzi ndiyo nusu ya dawa katika ugonjwa huu. Tukiwa wodini tunawahitaji sana ninyi ndugu:

1. Mgeuzeni mgonjwa kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ili asipate vidonda vya mgongo.

2. Msimlishe akiwa amelala chali. Akianza kupaliwa, acheni kabisa na mwiteni muuguzi.

3. Mnyoosheni viungo vyake polepole mara kadhaa kwa siku kama mtakavyoonyeshwa, ili visikakamae.

4. Msimkande kwa maji ya moto wala chupa ya moto. Ngozi yenye ganzi haisikii, ataungua bila kujua.

5. Kama macho hayafungi vizuri, semeni, ili yawekewe dawa yasikauke.

6. Ongeeni naye. Anasikia na kuelewa kila neno. Tumewahi kuwaona ndugu wakigawana mashamba ya mgonjwa mbele ya kitanda chake, wakidhani hajui. Aliwaeleza yote alipopona!

Nyumbani mazoezi yaendelee. Kupona huchukua miezi, wakati mwingine hata zaidi ya mwaka. Baada ya miezi sita, kama wagonjwa wanane katika kumi huwa wanatembea bila kusaidiwa. Wengine hubaki na uchovu au ganzi kidogo. Basi msimwite mvivu anayelala baada ya kulima robo saa.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Je, ugonjwa huu unaambukiza? Hapana. Mafua au kuhara vilivyotangulia vinaweza kuambukiza, lakini kupooza kwenyewe hakuambukizi. Mkumbatieni mgonjwa, mlishe, lala chumba kimoja naye.

Je, ni wa kurithi, au utarudi? Haurithiwi. Kurudi kwake ni kwa nadra sana.

Je, chanjo inaweza kuuleta? Tujibu kwa ukweli. Mwaka 1976 nchini Marekani chanjo moja ya mafua ya nguruwe iliongeza hatari kwa kadiri ya mtu mmoja katika kila 100,000 waliochanjwa. Baadhi ya chanjo za Uviko-19, kama ile ya Johnson & Johnson iliyotumika pia Tanzania mwaka 2021, nazo zilionekana kuongeza hatari kidogo. Mambo haya yalifuatiliwa na kutangazwa wazi. Lakini maambukizo yenyewe ndiyo yanayoutangulia ugonjwa huu kwa sehemu kubwa. Chanjo za watoto za surua, polio na pepopunda zinaokoa maisha kila siku. Mama asiache kumpeleka mtoto kliniki kwa kuogopa jambo hili.

Je, tunaweza kujikinga? Hakuna kinga kamili. Ila tunaweza kuwapunguzia askari wetu vita: kunawa mikono kwa sabuni, kuivisha kuku hadi mfupani, kuchemsha maziwa na maji ya kunywa, kulala ndani ya chandarua, na kufukia madimbwi ya mbu.

NDUGU ZAKE UGONJWA HUU

Guillain-Barré si peke yake. Yako magonjwa mengine ambayo askari wa mwili hukosea adui. Utafiti uliotangazwa mwaka 2022, uliofuatilia wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani, ulionyesha kwamba kirusi cha Epstein-Barr huongeza sana hatari ya ugonjwa mwingine unaochubua maganda ya mishipa ya ubongo.

Kisukari cha watoto nacho hutokana na askari kuziua chembe zinazotengeneza insulini, na baadhi ya virusi vya tumboni vinashukiwa kuchochea. Mtoto anayekunywa maji mno, anayekojoa mno na kukonda apimwe sukari siku hiyo hiyo.

Na baada ya vidonda vya koo vinavyoletwa na bakteria, askari wanaweza kushambulia moyo wa mtoto na kuziharibu valvu zake. Huu wa mwisho ndio tunaouona mara nyingi zaidi wodini kwetu. Koo la mtoto lenye usaha na homa litibiwe mapema, na dawa amalize zote.

HITIMISHO

Sisi wahudumu wa afya tunakiri kwamba nasi hukosea. Si kila mwili unaouma ni malaria, na yule kijana fundi baiskeli angesimamishwa tu atembee hatua tano, mtu angeona kwamba kuna jambo jingine. Kwa hiyo mkifika zahanati semeni wazi: "Aliumwa mafua wiki iliyopita, na sasa miguu haina nguvu, na inazidi." Maneno hayo machache yanaweza kumwamsha mganga aliyechoka.

Tunajua pia uchungu wa kikao cha ukoo usiku, pale kila mtu anapotafuta mkono wa jirani uliofanya ubaya. Tuliona majirani waliosalimiana miaka yote wakiacha kusalimiana kwa ajili ya ugonjwa huu, na hata baada ya mazishi chuki ikabaki kwa watoto. Aliyempooza ndugu yenu hakuwa jirani. Walikuwa askari wake mwenyewe, waliokwenda kumpigania na wakakosea.

Basi salini, na gari liitwe wakati mnasali. Padre akija kumpaka mgonjwa mafuta, amkute njiani kuja hospitali. Miguu inaweza kungoja hata miezi sita. Pumzi haingoji.